Shekhar Mehta: Mkimbizi wa Uganda aliyeitawala Safari Rally

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

ABIRIA wa mabasi yaendayo Iringa, Mbeya na Songea wanaifahamu vyema sehemu ile ya barabara kuu inayoipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Dereva hulazimika kupunguza mwendo, matuta hufuatana, na kando ya njia yapo mabango yanayomtahadharisha mwenye gari juu ya faini itakayomkabili iwapo atamgonga mnyama. Twiga hukatiza barabara kwa mwendo wake wa madaha, na basi lenye abiria 60 likasimama kumsubiri.

Hapo mwendo wa kasi ni kosa. Lakini ulikuwapo wakati ambapo barabara za namna hii katika Afrika Mashariki, tena zikiwa za vumbi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika, ndizo zilizokuwa uwanja wa mashindano ya magari yaliyoogopwa kuliko mengine yote duniani. Hayakuwa na uzio, hayakuwa na majukwaa, na wanyama hawakuwa na habari kwamba kuna mashindano.

Katika uwanja huo usio na mipaka alitokea mtu mmoja mwembamba wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Uganda, ambaye alishinda mara tano. Mara nne kati ya hizo alishinda mfululizo. Jina lake kamili ni Chandrashekhar Mehta, ingawa ulimwengu wa mbio za magari ulimjua kwa jina fupi la Shekhar.

Mehta alifariki dunia jijini London Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Kwa Watanzania tarehe hiyo ina msiba mwingine mkubwa zaidi, kwani ni Aprili 12, 1984 alipofariki Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, kwa ajali ya gari, katika mkoa huu huu wa Morogoro. Pengine ndiyo sababu kila tarehe hiyo inapowadia, magazeti ya hapa nchini hayana nafasi ya kumkumbuka dereva wa Safari. Makala haya yanajaribu kulipa deni hilo.

Kuchoka kuzunguka

Ili kumwelewa Mehta ni lazima kwanza kuyaelewa mashindano yenyewe, na chimbuko lake ni kichekesho kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wapenzi wa mbio za magari nchini Kenya walikuwa wakishindana katika barabara ya mzunguko ya Langa Langa, katika Bonde la Ufa. Eric Cecil, mmoja wa viongozi wa mchezo huo, alimshawishi binamu yake Neil Vincent ashiriki huko.

Vincent alikataa. Kwake yeye kuzunguka sehemu moja tena na tena, kama ng'ombe wa kukamua mafuta ya ufuta, kulikuwa kazi ya kuchosha isiyo na maana. Alisema angekuwa tayari kushindana iwapo angeondoka mlangoni kwake, akaendesha gari kuvuka Afrika, na wa kwanza kurudi nyumbani ndiye awe mshindi. Cecil hakulichukulia neno hilo kama mzaha.

Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa nchini Uingereza, Cecil na wenzake waliitumia fursa hiyo kuanzisha mashindano ya kuzizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari. Washindani waliruhusiwa kuanzia miji tofauti na wote kumalizia Nairobi. Miji hiyo ya kuanzia ilikuwa Nairobi, Kampala na, kwa upande wa Tanganyika, Morogoro.

Naam, Morogoro. Ni wakazi wachache wa mji huo wa leo wanaojua kwamba mji kasoro bahari ulikuwa miongoni mwa milango mitatu ya kwanza ya Safari.

Hata hivyo, ukanda huu ulikuwa na historia ya magari kabla ya hapo. Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa maalumu kwa ajili yake, akapita Morogoro na kushika njia ya kati, ile ya misafara ya kale iliyopita Kilosa kuelekea Mpwapwa na Tabora. Alifika Swakopmund, katika pwani ya Namibia ya leo, Mei 1909. Ilimchukua karibu miaka miwili. Reli ya Kati wakati huo ilikuwa bado inajengwa kuelekea Kilosa.

Safari haikuruhusu mtu kuchukua miaka miwili. Kila gari liliondoka kwa zamu, likatakiwa kufika katika kila kituo cha ukaguzi ndani ya muda uliopangwa. Kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu, na aliyemaliza akiwa na adhabu chache kuliko wengine ndiye aliyetangazwa mshindi.

Maelezo hayo ni mepesi mdomoni tu. Muda uliopangwa katika sehemu nyingi ulikuwa mfupi kiasi kwamba hapakuwa na binadamu angeweza kuufikia. Barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na basi la abiria, lori la mkonge, mchunga ng'ombe na baiskeli yenye mkungu wa ndizi, vyote vikiwa na haki sawa ya kuitumia njia. Mashindano yakahamishiwa kipindi cha Pasaka, yaani katikati ya masika, na yaliendelea siku kadhaa usiku na mchana, umbali wa takriban kilomita 5,000.

Mwenyeji wa Kilosa hahitaji kuelezwa masika ni kitu gani. Mto Mkondoa unapofurika hauulizi nani ana haraka. Udongo mweusi wa mbugani, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, mvua ikinyesha hugeuka kuwa gundi. Gurudumu huzunguka papo hapo hadi gari likae kwa tumbo.

Ugumu huo ndio uliotoa matokeo ya ajabu ya mwaka 1963 na mwaka 1968, ambapo katika kila mashindano hayo ni magari saba tu yaliyomaliza, ilhali yaliyoanza yalikuwa zaidi ya 80. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na Peugeot 404.

Tanzania nayo ilikuwa na fahari yake. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyekuwa akisaidiwa na Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967, naye akiwa na Peugeot 404. Wazee wanaoikumbuka gari hiyo kwa kubeba abiria na mizigo katika njia za vijijini watakubali kwamba haikupewa sifa bure.

Kijana wa mashambani

Mehta alizaliwa nchini Uganda Juni 20, 1945, katika familia tajiri ya Kihindi iliyokuwa ikimiliki mashamba makubwa. Hakukulia katika umaskini na hakuna haja ya kumtungia hadithi ya namna hiyo. Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha gari aina ya BMW, jambo ambalo kwa kijana wa kawaida wa Kampala au Dar es Salaam wa mwaka 1966 lilikuwa ndoto.

Lakini ukwasi hununua gari tu, haununui kumaliza Safari. Matajiri wengi walifika na magari mapya yanayong'aa, wakarudi Nairobi wamekaa katika lori la kuvuta magari mabovu.

Wakati huo jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa la Joginder Singh, Mkenya mzaliwa wa Kericho, ambaye mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda kwa gari kuukuu aina ya Volvo. Joginder ndiye aliyeonyesha kwamba Mwasia wa Afrika Mashariki, fundi anayelijua gari lake kwa kuligusa, anaweza kuyashinda makampuni ya ng'ambo. Mehta aliingia katika mlango uliokwisha kufunguliwa.

Mwaka 1971 alijitokeza kwa kishindo. Akiwa katika Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili kutoka Japani lenye pua ndefu na injini ya silinda sita, alishika nafasi ya pili nyuma ya mwenzake wa timu hiyo hiyo ya Datsun, Edgar Herrmann. Kijana wa miaka 25 alikuwa amekosa ushindi kidogo tu, na kila aliyeufuatilia mchezo huo alijua kwamba zamu yake ilikuwa njiani.

Mwaka uliofuata Safari ilianzia Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa heshima kwa Tanzania, lakini pia ndio mwaka ambao mwiko ulivunjika: Hannu Mikkola wa Finland na msaidizi wake Gunnar Palm wa Sweden, wakiwa na Ford Escort, walikuwa wageni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Hadi hapo watu walikuwa wakiamini kwamba mgeni hawezi kuimudu njia asiyokulia.

Siku 90

Agosti 4, 1972, miezi minne baada ya Mikkola kushangiliwa, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia walioishi Uganda watafukuzwa. Walipewa siku 90.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kukumbushwa Amin alikuwa nani. Itoshe kusema kwamba kabla ya mwaka huo kwisha makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameondoka wakiacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Wengi wao walizaliwa Uganda na hawakuwa na kwao kwingine. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwao. Utajiri wa mashamba uliojengwa kwa miaka mingi ukabaki nyuma ya mpaka, nao wakakimbilia Kenya.

Ni vigumu kujua kijana wa miaka 27 aliyekuwa na kila kitu aliyapokeaje hayo. Kinachojulikana ni alichokifanya. Pasaka ya mwaka 1973, miezi isiyozidi sita tangu muda wa Amin umalizike, Mehta alikuwa kwenye mstari wa kuanzia jijini Nairobi, ndani ya Datsun 240Z, pembeni yake akiwa ameketi Lofty Drews aliyekuwa akisoma ramani na kuhesabu muda.

Mwaka huo ulikuwa wa pekee. Kwa mara ya kwanza yalianzishwa mashindano rasmi ya ubingwa wa dunia wa mbio za namna hii, na Safari ikawa moja ya raundi zake. Kwa hiyo aliyeshinda Nairobi hakushinda kombe la Afrika Mashariki pekee. Jina lake liliingia katika kumbukumbu za dunia.

Mpinzani mkuu wa Mehta hakutoka mbali. Alikuwa Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun, aina ya 1800 SSS. Baada ya siku kadhaa za vumbi, tope, pancha na usiku usio na usingizi, na baada ya maelfu ya kilomita, magari hayo mawili yalirejea Nairobi. Waamuzi walipojumlisha adhabu za kila mmoja walikuta zimelingana.

Sare! Katika mpira wa miguu si ajabu, lakini katika mashindano ambayo mtu anaweza kupoteza nusu saa kwenye dimbwi moja tu, kulingana namna hiyo ni jambo ambalo hata mtunzi wa riwaya angeogopa kuliandika. Ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, nayo ikampa ushindi Mehta.

Hivyo mtu aliyefukuzwa katika nchi aliyozaliwa akawa bingwa wa mashindano yaliyoanzishwa ili kuziunganisha nchi tatu. Hapo Kampala, ambako angepokelewa kwa ngoma, hakuweza kurudi.

Njia yafungwa

Ushindi huo ulikuja wakati Safari ya zamani yenyewe ikielekea ukingoni. Kuanzia mwaka 1974 mashindano yalibaki ndani ya Kenya peke yake, na neno Afrika Mashariki likaondolewa katika jina lake. Uganda ya Amin haikuwa tena mahali pa kupeleka magari kwa mchezo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983.

Kwa upande wetu huo ulikuwa mwisho. Mtoto aliyezaliwa Mikumi, Mbulu au Lushoto baada ya hapo hakupata tena kusimama kando ya barabara usiku, akiziona taa kwa mbali na kusikia ngurumo kabla gari halijatokea.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo barabara zetu zilikuwa zikitengenezwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia, ile inayopita Mikumi, iliwekwa lami kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 ili shaba ya Zambia ipate njia ya kufika bandarini baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao. Lami ilikuwa neema kwa uchumi. Kwa Safari, ambayo uhai wake ni barabara mbovu, lami ilikuwa na faida ndogo.

Mehta naye alipitia kipindi kigumu. Miaka mitano iliyofuata ushindi ulikwenda kwa wengine: Joginder Singh mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, Ove Andersson mwaka 1975, Björn Waldegård mwaka 1977, na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Wapo waliodhani kwamba ushindi wa sare wa mwaka 1973 ulikuwa bahati ya mtende na hautarudi.

Miaka minne isiyo na mpinzani

Mwaka 1979 kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ilileta Nairobi magari makubwa aina ya 450 SLC yenye injini ya silinda nane na ujazo wa lita tano. Dereva wake mmoja alikuwa yule yule Mikkola. Fiat ya Italia nayo ilikuja na Markku Alén. Mbele ya mabwana hao, Mehta alikuwa na Datsun 160J, gari dogo la kawaida ambalo mtu angeweza kuliona limeegeshwa mbele ya benki, likiwa limeimarishwa springi, shokapu na bodi.

Msomaji ramani wake sasa alikuwa Mike Doughty. Wawili hao walishinda. Mikkola akawa wa pili na Alén wa tatu.

Mwaka 1980 Mercedes walirudi kulipiza kisasi. Mehta akashinda tena, safari hii Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzake wa Datsun, akishika nafasi ya pili. Mwaka 1981 hadithi ikawa ile ile, Mehta wa kwanza na Aaltonen wa pili. Mfini huyo, mmoja wa madereva wakubwa wa kizazi chake, alishiriki Safari mara nyingi na hakuwahi kuishinda hata mara moja.

Mwaka 1982 aliyetumwa kumzuia alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, akiwa na Opel Ascona 400. Röhrl alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1980, na mwisho wa mwaka huo huo wa 1982 alitwaa ubingwa huo kwa mara ya pili. Katika Safari alimaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa Mehta na Doughty, na wa tatu Mike Kirkland wa Kenya.

Mara nne mfululizo. Wakati huo hakuna dereva aliyekuwa amewahi kushinda raundi moja ya ubingwa wa dunia kwa mfululizo wa namna hiyo.

Siri ilikuwa nini? Anayeyatazama matokeo kwa makini ataona jambo moja: mara nyingi wageni walikuwa na kasi zaidi, lakini Safari haikuwa mashindano ya kasi pekee. Jiwe moja lililofichika ndani ya dimbwi hukata mkono wa usukani. Mtaro usioonekana huvunja springi. Aliyekwenda kwa asilimia 100 siku ya kwanza hakuwa na gari siku ya tatu.

Mehta alijua mahali pa kukimbia na mahali pa kulinyamazisha gari. Alijua kwa kuitazama rangi ya maji kama korongo linavukika. Kila mwaka kabla ya mashindano madereva walipita njia nzima wakiandika kila kona na kila shimo katika daftari, na yeye aliishi Nairobi, siyo Helsinki wala Stuttgart. Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko aina ya injini. Dereva wa daladala wa njia ya Kilosa angeelewa bila kufafanuliwa.

Aidha, Datsun yenyewe ilikuwa gari lisilo na makuu. Lilipoharibika liliweza kutengenezwa upesi na mafundi waliokuwa wakisubiri kando ya njia na vipuri vyao. Mercedes ilikuwa na nguvu, lakini uzito wake ulikuwa adui yake katika tope.

Mwaka huo wa 1981 ulikuwa pia mwaka wake bora nje ya Kenya. Alishiriki raundi kadhaa za dunia na kumaliza msimu akiwa wa tano katika msimamo wa madereva, nafasi ambayo ni madereva wachache mno wa Afrika waliowahi kuikaribia. Katika safari nyingi za nje aliyeketi pembeni yake akisoma ramani alikuwa mkewe, Yvonne.

Baada ya hapo nyakati zilibadilika. Magari yenye nguvu kubwa na yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne yaliingia uwanjani, na mwaka 1983 Ari Vatanen akaikata minyororo ya ushindi wa Mehta. Nissan, jina jipya la Datsun, ilimpa gari la 240RS, lakini lilikuwa limeachwa nyuma na wakati. Mwaka 1986 alikimbia Safari na Peugeot 205 ya magurudumu manne na kumaliza wa nane.

Ajali jangwani

Mwaka 1987 Mehta alikwenda Misri kushiriki mashindano ya jangwani yanayoitwa kwa jina la Mafarao. Huko alipata ajali mbaya. Mtu aliyepita miaka 20 katika njia za Afrika Mashariki, zenye tembo, malori yasiyo na taa na madaraja yaliyosombwa, aliumizwa na mchanga. Alikaa muda mrefu hospitalini, na majeraha yake yakahitimisha maisha yake ya udereva.

Wengi wangeishia hapo. Yeye aliingia katika uongozi wa mchezo. Mwaka 1997 alishika wadhifa wa rais wa tume ya mbio za magari ya barabarani ya FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani. Kwa Mwafrika Mashariki, tena aliyewahi kuwa mkimbizi, kilikuwa cheo kikubwa katika mchezo ambao maamuzi yake yote hufanyika Ulaya.

Lakini cheo hicho kilimweka mahali pagumu. Ni katika miaka hiyo hiyo Safari ilipoanza kuyumba. Fedha za uendeshaji zilikuwa shida, makampuni ya magari yalilalamikia gharama, na televisheni ilitaka njia fupi ambazo kamera zinaweza kuzifikia. Mashindano ya mwaka 2002, aliyoshinda Colin McRae wa Scotland, yakawa ya mwisho. Safari ikaondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia. Aliyeishinda mara tano alikuwa kwenye meza ile ile ambako ratiba ilipangwa.

Je, angeweza kuiokoa? Wapo wanaomlaumu na wapo wanaosema alifanya alivyoweza. Ukweli ni kwamba mtu mmoja hawezi kujaza mfuko wa mashindano uliotoboka, na lawama hiyo haionekani kuwa ya haki.

Miaka minne baadaye alifariki, akiwa ameuguzwa London kutokana na maradhi ya ini. Hakuiona Safari ikirudi. Ilirejeshwa katika ubingwa wa dunia Juni 2021, Naivasha, na Mfaransa Sébastien Ogier akashinda. Uwanja wa sasa ni mfupi mno ukilinganisha na ule wa zamani: barabara hufungwa, sehemu za mashindano ni za kilomita chache chache, na usiku madereva hulala hotelini.

Rekodi yake ya ushindi mara tano ilifikiwa na Mkenya Carl Tundo, aliyeshinda kwa mara ya tano mwaka 2018, lakini Tundo alipata ushindi wake katika miaka ambayo Safari haikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Katika Safari ya ubingwa wa dunia, hakuna aliyefika tano isipokuwa Mehta.

Kuhusu Tanzania, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo huyatumia magari ya enzi za 240Z na Escort, yamewahi kuvuka mpaka na kufika mikoa ya kaskazini. Huku Morogoro, mlango wa mwaka 1953, hayajafika. Barabara ya Mikumi imeachiwa mabasi, malori ya Zambia na Kongo, bodaboda za vijana wa Kilosa, na twiga.